Kurudisha Nyuki Uani kwa Mrehani, Kivumbasi na Giligilani: Mwongozo wa Bustani za Mombasa

Maswali ni yale yale kila masika yakikaribia. Ninunue mzinga? Nyuki hawatauma watoto? Mbona maboga yangu yanatoa maua tele, halafu yanaoza yakiwa saizi ya kidole gumba? Na hii lavenda niliyoipanda, mwaka wa pili huu, itachanua lini?

Mwongozo huu unajibu kwa kazi ya mikono. Unamfaa mwenye uani wa hatua kumi Mshomoroni au Mikindani, na unamfaa pia mwenye roshani ya ghorofa ya tatu Tudor na ndoo nne za rangi.

Mzinga hauhitajiki. Nyuki wapo Mombasa, na nyuki wa asali huruka kilomita mbili tatu kutafuta chakula. Wanachokosa kwetu ni maua: ua umesakafiwa wote, magugu yamefyekwa, na mrehani unakatwa kichwa kila wiki kabla haujachanua. Ukibadilisha jambo hilo la mwisho peke yake, umefanya nusu ya kazi.

Panda vya pwani, usifuate orodha za ng'ambo

Orodha nyingi za "maua ya nyuki" zimeandikwa kwa nchi zenye baridi: lavenda, taimu, nanaa. Mimea hiyo huanza kuchanua siku zinaporefuka, na mingine hutaka baridi kwanza. Mombasa iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi ni takribani nusu saa tu, na baridi haipo. Ndiyo maana nanaa yako inatambaa vizuri, inanukia vizuri, na haitoi ua. Ibakize kwa chai. Lavenda iache.

Mimea inayofaa ni hii:

- Mrehani. Huchanua wiki 8 hadi 9 baada ya kupandwa, na ukitunzwa huendelea kwa miezi. Huu ndio msingi wa bustani.
- Kivumbasi. Kigumu, huvumilia udongo mbovu na jua la Februari, hukaa miaka. Nyuki hukiendea hata mvua zikiwa zimekatika.
- Giligilani, au dania ukipenda. Kila mtu hulalamika kwamba joto la pwani huirukisha kwenye maua kabla haijatoa majani ya kutosha. Hapa lalamiko hilo ni faida.
- Shamari. Mrefu, maua ya njano kama mwavuli. Miche miwili mitatu inatosha.
- Mzunze (mlonge) kwenye kona ya ua, kama nafasi ipo. Mti mmoja una maua mengi kuliko kitanda kizima.

Na usiling'oe kila gugu. Mchunga una maua madogo ya njano ambayo nyuki huyafuata mapema asubuhi, na majani yake unayala mwenyewe.

Utakaowaona

Usitegemee nyuki wa asali peke yao. Watakuja pia nyuki wadogo weusi, wadogo kuliko nzi wa nyumbani, wasio na mwiba wa kuuma. Hawa hupenda kukaa kwenye nyufa za kuta za mawe ya matumbawe, na mlango wao ni mrija mfupi wa nta unaotokeza ukutani. Ukiuona mrija huo kwenye ukuta wako, usiuzibe kwa simiti. Halafu kuna yule mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki na kutoboa mabanzi na boriti. Watu humkimbia, lakini ni nadra kumuuma mtu asiyemshika, na ndiye anayefanikisha mapasheni, kwa sababu nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mahali penye jua la saa 6 kwa siku au zaidi: kitanda cha mita 1 kwa 2, au ndoo nne za lita 20
- Samadi ya mbuzi iliyooza, madebe 2 kwa kitanda
- Udongo mwekundu gunia 1, kama ardhi yako ni mchanga mtupu au mawe
- Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, nusu gunia
- Mbegu za mrehani na giligilani. Matawi ya kivumbasi kutoka kwa jirani
- Trei au beseni bapa la kuoteshea, lenye matundu chini
- Makuti mawili ya kivuli
- Sahani ya udongo au sinia kuukuu, na mawe ya ngumi
- Mwanzi au matete
- Maji yasiyo na chumvi, angalau kwa wiki sita za kwanza

Kuhusu mbegu: giligilani nunua kwenye maduka ya viungo Marikiti, nzima, isiyokaangwa. Mrehani unaweza kununua fungu bichi sokoni Kongowea na kuotesha matawi. Mbegu za tukmaria za kutilia faluda ni za jamii hiyo hiyo ya mrehani na mara nyingi huota, ila zijaribu kwanza: weka 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, na kama baada ya siku 7 zimeota chini ya 6, tafuta nyingine.

Wakati wa kuanza

Otesha miche mwishoni mwa Februari au Machi chini ya kivuli, ihamishe Aprili mvua zinapoanza. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, na mbegu iliyotupwa kitandani mwezi huo huoza au husombwa. Nafasi ya pili ni Septemba, uhamishe Oktoba kabla ya vuli. Kusudi la mzunguko huu wa pili ni kuwa na maua Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, ambapo ua mzima umekauka na nyuki wana njaa zaidi. Watu wengi hupanda masika tu, wakawa na maua Julai, kisha wakaacha pengo katika miezi hiyo mitatu. Nyuki wakikosa kitu kwako, huhamia kwingine na utaanza upya kuwavuta.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujagusa jembe

Asubuhi kati ya saa 1 na saa 3, kaa dakika 10 mbele ya chochote kinachochanua uani. Hesabu nyuki, andika na tarehe. Kama ni sifuri, andika sifuri. Bila namba hii, miezi mitatu baadaye utakuwa unakisia tu kama kazi imefaa.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Jua kwanza, upepo pili, watu tatu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na karibu na bahari hubeba chumvi. Nyuki hawatui kwenye ua linaloyumba siku nzima. Tumia ukuta, au panda kivumbasi upande huo kiwe kinga. Weka kitanda angalau mita 3 kutoka mlangoni, mbali na kamba ya nguo na mahali watoto wanapochezea mpira. Nyuki aliye kwenye ua hana habari na mtu. Anayeuma ni yule aliyekanyagwa au aliyenaswa kwenye nguo.

Hatua ya 3: Tengeneza udongo

Kwa kitanda: chimba kina cha sentimita 25, toa mawe, changanya madebe 2 ya samadi na nusu gunia la makumbi. Ukiwa kwenye mchanga, ongeza gunia la udongo mwekundu.

Kwa ndoo ya lita 20, tumia kopo la lita 2 kupimia: makopo 4 ya udongo mwekundu, 3 ya samadi, 2 ya makumbi. Toboa matundu 6 chini, kila moja upana wa kidole kidogo, na funika matundu kwa kipande cha chandarua kuukuu. Usijaze kokoto chini. Watu hudhani zinasaidia maji kutoka, kumbe maji husimama kwenye udongo ulio juu ya kokoto na mizizi hupoteza nafasi. Ndoo nyeusi ipake chokaa nje tu, isiokwe na jua.

Makosa mawili huua bustani nyingi hapa. La kwanza ni samadi mbichi: ingiza kijiti katikati ya lundo, kiache dakika 5, kikitoka moto au na harufu kali ya mkojo, subiri wiki nyingine. La pili ni makumbi yasiyooshwa. Yana chumvi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, rudia mara tatu.

Hatua ya 4: Otesha

*Mrehani.* Nyunyiza mbegu juu ya udongo ulioloweshwa tayari, zigandamize kwa kiganja, funika kwa udongo wa unene wa milimita 2 au usifunike kabisa. Mbegu ikilowa hujivika ute wa kijivu. Ikizikwa kina cha kidole haitoki. Weka chini ya makuti. Kwa joto letu huchomoza siku ya 4 hadi ya 7. Kwa matawi: kata urefu wa sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya nusu ya chini, simamisha kwenye glasi ya maji pasipo na jua kali, badilisha maji kila siku mbili. Mizizi huonekana ndani ya siku 7 hadi 10. Ikifika sentimita 3, panda.

*Giligilani.* Kile kidonge cha mviringo ni mbegu mbili ndani ya ganda moja. Kiviringishe chini ya chupa kipasuke katikati, usikisage. Loweka usiku mmoja, panda moja kwa moja kitandani kina cha sentimita 1, kwa mistari ya sentimita 20. Haipendi kuhamishwa. Hutoka siku ya 7 hadi ya 14.

*Kivumbasi.* Tawi la mwaka huu lisilo laini sana wala kukomaa mti, sentimita 15, chomeka nusu yake ardhini, kivuli wiki mbili.

Panda giligilani mpya kila baada ya wiki 3. Mstari mmoja wa urefu wa mkono unatosha kila mara.

Hatua ya 5: Hamisha na upange kwa mafungu

Mche wa mrehani wenye majani halisi 6 uko tayari, takribani wiki ya 4. Hamisha jioni baada ya alasiri, mwagilia, weka makuti siku 4.

Kwa kitanda cha mita 1 kwa 2: kivumbasi 2 upande wa upepo, umbali wa mita 1 kati yao, mrehani 6 mstari wa kati, sentimita 30 kila mmoja, giligilani mbele. Shamari iwe kwenye pembe.

Usichanganye mmoja mmoja kama mapambo. Nyuki akitoka kwenda kazini hushikilia aina moja ya ua safari nzima. Mrehani sita pamoja ni kituo cha kufanyia kazi. Mrehani mmoja katikati ya waridi hupitwa.

Mwagilia asubuhi, kwenye shina na si juu ya maua. Kitanda hiki kinataka lita 10 kila siku mbili wakati wa kiangazi, ndoo ya lita 20 inataka lita 1 hadi 2 kila siku. Tandaza majani makavu unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina.

Maji ya kisima cha chumvi ni tatizo la kweli Mombasa. Kama huna mengine, changanya nusu kwa nusu na maji ya mtungi, na kila wiki mbili mwagilia kwa wingi maji matamu mpaka yatoke chini ya ndoo ili chumvi iondoke. Mvua ikinyesha, toa ndoo zote zinyeshewe.

Hatua ya 6: Acha uchanue

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, kwa hiyo soma polepole.

Mrehani ukifika sentimita 15, kata ncha mara moja, ukibakiza jozi mbili za majani chini. Utatoa matawi mawili, kisha manne. Baada ya hapo gawa: kati ya kila mirehani mitatu, mmoja ni wa jikoni na miwili ni ya nyuki. Ule wa jikoni endelea kuukata kila wiki, kwa sababu mrehani ukishachanua majani hupungua ladha na huwa makali. Ile miwili usiiguse. Ukitaka mrehani wa kuweka kwenye kikuba pamoja na asmini, chukua matawi ya ule wa jikoni, au ukitaka maua punguza kidogo pembeni mwa ile miwili; usivune miwili yote usiku mmoja kwa sababu ya harusi.

Angalia shuke la mrehani kwa karibu asubuhi. Maua yamepangwa kwa duara, sita sita, ghorofa juu ya ghorofa, na hufunguka kuanzia chini kupanda juu. Chavua iko kwenye nyuzi zilizolala juu ya mdomo wa chini wa ua. Nyuki akitua, mdomo unainama kwa uzito wake, anasukuma kichwa ndani kunyonya, na tumbo lake linapakwa unga. Hakai hata sekunde tatu. Anapanda ghorofa inayofuata, anarudia, akifika juu anaruka kwenye shuke jirani na kuanza chini tena. Ndiyo sababu shuke zima ni mali kwake, na mtu anayekata ncha "ili lipendeze" amemwondolea ghorofa za kesho.

Shuke likikauka theluthi mbili kutoka chini, likate juu kidogo ya jozi ya majani. Lakini usiyakate yote siku moja. Kata theluthi ya mashuke, ngoja siku 10, kata theluthi nyingine. Hivyo kitanda hakikosi maua hata wiki moja. Kivumbasi kipogoe mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba, kwa kutoa theluthi moja ya urefu. Kikiachwa kabisa huwa miti mitupu chini.

Giligilani iache ichanue yote. Maua yake meupe ni madogo na mafupi, ndiyo maana nyuki wadogo wasio na mwiba huyamudu.

Hatua ya 7: Maji ya kunywa

Weka sahani ya udongo kivulini, mita 2 kutoka kitandani. Panga mawe yatokeze juu ya maji. Nyuki hutua juu ya jiwe, haogelei. Kina cha maji sentimita 2 hadi 3 kinatosha.

Kila siku mbili mwaga na usugue kuta za sahani kwa brashi. Mbu wa mchana anayeeneza dengi na chikungunya hutaga mayai kwenye ukingo, juu kidogo ya maji, na kumwaga peke yake hakuyatoi. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi 2013 na wa chikungunya 2017 hadi 2018, na mbu huyo huzaliana kwenye vyombo vidogo vya nyumbani. Kama huwezi kusugua kila siku mbili, usiweke sahani. Nyuki watapata maji kwingine.

Usiweke maji ya sukari wala asali. Sukari huleta sisimizi na ugomvi wa nyuki, na asali ya dukani inaweza kubeba maradhi ya nyuki kutoka mizinga ya mbali.

Hatua ya 8: Mahali pa kulala

Nyuki wengi wanaoishi peke yao hutaga ardhini au ndani ya vijiti vyenye uwazi. Acha kipande cha ardhi tupu, nusu mita kwa nusu mita, bila matandazo wala maji, upande wa jua. Kisha kata mwanzi au matete urefu wa sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kikiwa na kifundo kilichoziba nyuma, tundu la mbele kati ya milimita 4 na 10. Lainisha mdomo kwa msasa, kwa maana ncha zenye makali hupasua mbawa. Funga vipande 20 pamoja, ning'iniza urefu wa kifua, mdomo ukielekea mashariki, chini ya paa. Paka grisi kwenye waya wa kuning'inizia ili sisimizi wasipite.

Ukiona majani ya waridi yamekatwa duara safi kama kwa mkasi, usitafute dawa. Ni nyuki anayebeba vipande vya kujengea ndani ya matete yako.

Hatua ya 9: Acha sumu

Soma kibandiko cha kila chupa uliyonunua agroveti. Ukiona neno imidacloprid au thiamethoxam kwenye viambato, usiipeleke karibu na mmea unaochanua, hata kwa kumwagia kwenye mizizi. Sumu hizi hufyonzwa na mmea zikatokea ndani ya nekta na chavua. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku 2018 kwa matumizi ya nje ya vibanda vya mimea kwa sababu hiyo hiyo ya nyuki. Unga wa kuulia wadudu nao ni mbaya, kwani nyuki huubeba pamoja na chavua hadi nyumbani kwake.

Kwa vidukari na nzi weupe: vijiko 2 vya chai vya sabuni laini ya maji kwa lita 1, jua likishatua, chini ya majani tu. Jaribu jani moja kwanza, ngoja siku moja. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Mafuta ya mwarobaini yafuate kanuni hiyo hiyo: usiku, majani, kamwe si maua.

Ukiita watu wa kupulizia nyumba dawa, waambie wasiguse kitanda na funika matete kwa gunia mpaka asubuhi.

Ikiwa mambo hayaendi

*Maua yapo wiki mbili, nyuki hawaji.* Angalia saa: ukikagua mchana saa 7, joto limewafukuza. Angalia idadi: chini ya mashuke 20 yaliyofunguka kwa pamoja hayaonekani kwa urahisi kutoka mbali. Uliza jirani kama amepuliza dawa. Kisha subiri, nyuki mmoja wa asali akipata mahali, hurudi kuwaonyesha wenzake, na wingi hubadilika ndani ya siku chache.

*Majani mapya ni ya njano, mishipa imebaki kijani.* Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na mmea unashindwa kuchukua chuma. Ongeza mboji na makumbi, usiongeze majivu. Majivu hukoleza tatizo.

*Kingo za majani zimekauka rangi ya kahawa na ukingo wa ndoo una unga mweupe.* Chumvi. Suuza udongo kwa lita 10 za maji matamu kwa kila ndoo, mara mbili kwa wiki moja.

*Mrehani umenyauka ghafla ilhali udongo umelowa.* Mizizi imeoza. Ng'oa, tupa mbali na mboji, usipande mrehani kwenye ndoo hiyo bila kubadilisha udongo. Chukua matawi mabichi ya ile mingine uoteshe mapema.

*Miche imelala chini usiku mmoja, shina limenyong'onyea usawa wa udongo.* Umepanda kwa msongamano na kumwagilia jioni. Rudia kwa mbegu chache zaidi, maji asubuhi, trei penye hewa.

*Maboga bado yanaoza madogo.* Wakati nyuki wanajizoeza, saidia kwa mkono. Kabla ya saa 3 asubuhi chuma ua dume, lile lenye kikonyo chembamba. Ondoa petali, pangusa chavua katikati ya ua jike, lile lenye kiboga kidogo chini yake. Dume moja linatosha majike mawili. Kesho yake ua halifai tena.

*Nyuki wanaingia jikoni.* Wanafuata sukari au maji ya sinki, si mrehani. Funika vitu vitamu, kausha sinki, hakikisha sahani yao nje haijakauka hata siku moja.

*Kundi zima limetua kwenye mwembe.* Ni kundi linalohama na mara nyingi huondoka ndani ya siku moja hadi tatu. Ingiza watoto, funga mbwa na mbuzi, usirushe jiwe, usiwashe moto wala kumwaga mafuta ya taa. Nyuki wa huku hujihami kwa pamoja wakichokozwa. Likikaa au likiingia darini, mwite mfugaji nyuki aliye na vazi na bomba la moshi.

*Mtu ameumwa.* Paruza mwiba kwa ukucha mara moja, usipoteze dakika kutafuta kibano. Sumu huendelea kuingia. Osha, weka barafu. Uso ukivimba, pumzi ikibana, au akiwa ameumwa mara nyingi, ni hospitali papo hapo.

Mbegu za mzunguko ujao

Chagua mrehani ulioshika maua muda mrefu zaidi, si ule wenye majani makubwa. Mashuke yakigeuka kahawia kutoka chini hadi juu, kata asubuhi ya jua, yaweke kwenye mfuko wa karatasi kivulini siku 3, kisha yafikiche kwa viganja juu ya sinia na kupepeta makapi. Mbegu nyeusi zilizobaki tia kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha mchele kinyonye unyevu, andika mwezi, na uiweke mbali na jiko. Zilizokusanywa Julai ndizo utakazoziotesha Septemba.